Kutoka Merikani hadi Mitumba: Nguo, Duka na Tabaka katika Historia ya Katanga na Nchi Jirani

1. Utangulizi

Katika nchi za Ulaya na Marekani, kando ya barabara kuu na mbali kidogo na miji, yamejengwa maduka ambamo kampuni za mavazi zenye majina makubwa huuza kwa bei iliyopunguzwa nguo za msimu uliopita, nguo zilizobaki ghalani na nguo zenye kasoro. Huitwa maduka ya kiwanda. Wateja wake wengi si maskini. Ni watu wa tabaka la kati wanaotaka kuvaa jina la tajiri bila kulipa bei ya tajiri. Katika masoko ya Lubumbashi, Bukavu na Goma, kwa upande mwingine, mwananchi huinama juu ya rundo la mitumba, akipekua nguo zilizokwisha kuvaliwa na watu hao hao au jirani zao, naye pia akitafuta jina lililoshonwa ndani ya ukosi.

Masoko haya mawili huonekana kuwa mbali sana, moja la wenye nacho, la pili la wasio nacho. Hata hivyo yana asili moja, nayo ni nguo iliyozalishwa kupita mahitaji ya wale waliokusudiwa kuinunua. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi watu wa Afrika ya Mashariki na ya Katikati, hasa wa Katanga, walivyoingizwa katika soko la dunia la nguo tangu karne ya 19, na jinsi nguo ilivyopanga watu katika matabaka. Njia itakayofuatwa ni ile ya maneno. Kiswahili kimetunza katika msamiati wake kumbukumbu ya biashara hii: merikani, kaniki, doti, mtumba, posho, kantini, chagua. Swali linalounganisha maneno hayo yote ni moja: ni nani aliyechagua?

2. Merikani, au mnunuzi aliyesikilizwa

Tarehe 21 Septemba 1833, Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia sahihi mkataba wa biashara na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mwaka 1837 balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, aliwasili Unguja. Yeye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa mji wa Salem, jimbo la Massachusetts. Meli za Salem zilichukua pembe, sandarusi na ngozi, zikaleta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito na kigumu, ambacho wenyeji walikiita kwa jina la nchi kilikotoka: merikani.

Kitambaa hicho kilikuwa nguo na fedha kwa wakati mmoja. Kilipimwa kwa mkono: mikono minne ilifanya shuka moja, na shuka mbili zilifanya doti. Kwa shuka na doti msafara ulinunua chakula, ulilipa hongo kwa watawala wa njiani na kuwalipa wapagazi. Robota la nguo lililofungwa kwa ajili ya bega la mpagazi, lenye uzito wa karibu frasila mbili, liliitwa mtumba. Msomaji wa leo atambue neno hilo, kwa maana litarudi.

Wengi hudhani kwamba katika biashara hiyo Mwafrika alipokea tu alicholetewa. Ushahidi wa wasafiri wa karne ya 19 wakanusha dhana hiyo. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, alitoa orodha ndefu ya aina za nguo na shanga, akionya kwamba kila eneo lilikuwa na upendeleo wake. Shanga nyekundu ziitwazo samesame zilikuwa na majina ya utani yenye maana ya kumaliza chakula na kuvunja miji, kwa kuwa mtu aliweza kuacha mlo ili azipate. Shanga zilizopendwa mwaka huu zilikataliwa mwaka ujao, na mfanyabiashara asiyejua mabadiliko hayo alibaki na mzigo usionunulika. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka 2008 juu ya ulaji wa Afrika ya Mashariki, ameonyesha kwamba uchaguzi huu wa wanunuzi wa bara ulifika hadi Salem kwenyewe, ambako kiwanda cha Naumkeag Steam Cotton Company, kilichoanza kufuma miaka ya 1840, kilitengeneza kitambaa kwa kufuata matakwa ya soko la Zanzibar. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861-1865) vilipokata pamba, merikani iliadimika, na nguo za Uingereza na za viwanda vya Bombay zikachukua nafasi yake. Jina lakini lilibaki, likawa jina la aina ya kitambaa badala ya jina la nchi.

Nguo hizo zilipanga watu. Huko pwani, mtumwa alijulikana kwa merikani yake au kwa kaniki, kitambaa kilichotiwa rangi ya nili iliyokolea. Mwungwana alivaa kanzu na kilemba. Baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki na kujitanda kanga za rangi nyingi. Kitendo hicho hakikuwa anasa. Kilikuwa tangazo la hadhi mpya, lililoandikwa juu ya mwili kabla ya kuandikwa mahali pengine popote.

Katika Katanga mambo yalikuwa na sura yake. Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi na kuwa mtawala wa Garenganze, alikusanya Bunkeya misafara ya pwani mbili, ile ya Bahari ya Hindi na ile ya Atlantiki. Shaba, pembe na watumwa vilitoka. Nguo, bunduki na baruti viliingia. Nguo ilikuwa chombo cha utawala: aliyeigawa alipata watu, na aliyeipokea alikubali kuwa chini yake. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na ufalme wake ukaingia mikononi mwa wenye bendera nyingine. Tangu hapo haki ya kugawa nguo haikuwa tena ya mwami.

3. Posho na kantini, au kampuni iliyochagua

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville mwaka 1910. Mwanzoni wafanyakazi waliletwa kwa mikataba mifupi, wakaishi kambini bila jamaa zao. Kuanzia mwaka 1928 kampuni ilibadili siasa yake, ikataka mfanyakazi akae na mkewe na kuzaa watoto ambao nao watakuwa wafanyakazi. Kwa siasa hiyo kampuni ilijifanya mzazi. Ilitoa nyumba, hospitali, shule, na kila juma ilitoa posho, yaani chakula kilichopimwa kwa idadi ya watu wa nyumba. Neno posho lilikuwa neno la msafara, chakula cha mpagazi njiani. Sasa likawa neno la kambi.

Pamoja na posho kulikuwa na kantini, duka la kampuni, ambamo mfanyakazi na mkewe walipata vitu kwa bei ya nafuu. Lakini tofauti kati ya kantini na soko la Burton ni kubwa. Njiani Ugogo au Unyanyembe, mnunuzi alikuwa na uwezo wa kumfilisi muuzaji kwa kukataa tu. Kantini ilijazwa na yule yule aliyelipa mshahara. Mfanyakazi alichagua miongoni mwa vile ambavyo kampuni ilikuwa imekwisha kuvichagua kwa ajili yake.

Udhaifu wa mpango huo ulijitokeza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Bei za bidhaa kutoka nje, nguo zikiwamo, zilipanda kuliko mishahara. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 Desemba askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na makumi ya watu wakauawa. Mara nyingi mgomo huo huelezwa kama jambo la mshahara peke yake. Yafaa kukumbuka kwamba mshahara hupimwa kwa kile unachoweza kununua.

Baada ya vita wakoloni walitunga tabaka kwa karatasi. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 sheria ya uandikishaji kwa wale walioitwa evolue. Aliyeomba alichunguzwa nyumbani kwake: samani, vyombo vya meza, mavazi ya mke, jinsi ya kula. Ulaji ukawa mtihani wa utu. Mwenye suti, kiti cha mto na uma alihesabiwa kuwa amekaribia ustaarabu, ijapokuwa mshahara wake ulibaki mbali sana na ule wa Mbelgiji aliyefanya kazi ile ile.

Wakati huo huo nguo kuukuu zilikuwa zimeanza safari yake. Utafiti wa Karen Tranberg Hansen juu ya Zambia, uliotolewa mwaka 2000, waonyesha kwamba baada ya vita wafanyabiashara wadogo wa Rhodesia ya Kaskazini walivuka Luapula kuja Katanga kununua nguo zilizokwisha kuvaliwa, zilizoletwa Kongo kutoka ng'ambo, wakazirudisha kwao hata kwa baisikeli. Basi Katanga haikuwa tu mahali mitumba ilipofikia. Ilikuwa mojawapo ya milango yake ya kwanza katika sehemu hii ya Afrika.

4. Pamba bila nguo

Historia ya nguo haikamiliki pasipo historia ya pamba. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilianza kuwalazimisha wakulima wa Kongo kulima pamba, na mwaka 1920 ikaanzishwa kampuni ya Cotonco. Mamia ya maelfu ya wakulima walipangiwa shamba, mbegu, tarehe ya kupanda na bei ya kuuzia. Aliyekataa alitozwa faini, akafungwa au kupigwa kiboko. Pamba ilikwenda Ubelgiji, na sehemu yake ikarudi kama kitambaa cha kuuziwa yule yule aliyeilima.

Ni kweli kwamba viwanda vya kufuma vilijengwa nchini: kile cha Leopoldville, kilichojulikana baadaye kwa jina la Utexafrica, Filtisaf huko Albertville, yaani Kalemie ya leo, na Sotexki huko Kisangani baada ya uhuru. Kwa muda fulani mkulima wa Kongo, mfumaji wa Kongo na mvaaji wa Kongo walikuwa katika mnyororo mmoja. Mnyororo huo ulikatika. Filtisaf ilifungwa katika miaka ya 1990, na Utexafrica iliacha kufuma mwaka 2007. Sababu zilikuwa nyingi: barabara na reli zilizoharibika, umeme usioaminika, kuporomoka kwa kilimo cha pamba, vita, vitambaa vya Asia vilivyoingia bila kulipiwa ushuru, na mitumba. Anayelaumu mitumba peke yake hupunguza ukweli. Anayeitoa kabisa katika hesabu, naye vilevile.

5. Kutoka abakosti hadi mtumba

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika siasa ya kurudia uhalisia wa Kiafrika, utawala wa Mobutu uliikataza suti na tai, ukaleta abakosti, vazi ambalo jina lake latokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuipiga vita suti. Vazi lililokusudiwa kufuta alama za ukoloni likawa haraka alama ya tabaka jipya, kwani abakosti ya mkubwa haikushonwa kwa kitambaa cha mdogo. Tarehe 30 Novemba 1973 rais alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitakabidhiwa Wazaire. Maduka mengi ya Wagiriki, Wareno na Wahindi yaliangukia mikono ya watu wa karibu na utawala. Baadhi yao waliuza bidhaa zilizokuwamo na hawakuagiza nyingine. Mwaka 1976 serikali ilianza kuwarudishia wenyewe, lakini rafu zilikwisha kuwa tupu.

Pigo kubwa kwa Katanga lilikuja na kuanguka kwa Gécamines. Kampuni hiyo, mrithi wa Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwezi wa Septemba 1990, uporaji ukaikumba miji mikubwa mwishoni mwa mwaka 1991, na mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000. Mshahara ulichelewa kwa miezi, posho ikapungua, kantini zikakauka. Mwanahistoria wa Lubumbashi Donatien Dibwe dia Mwembu ameeleza hali hiyo kama ya watoto walioachwa na baba yao. Mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari.

Ni katika utupu huo ambapo mtumba ulipata nguvu. Mke wa mfanyakazi, ambaye siasa ya kampuni ilimtaka abaki nyumbani, sasa alitandika kitambaa chini sokoni na kuuza nguo moja moja. Kwa fedha hizo ada ya shule ililipwa na unga ukapatikana. Mitumba ilivunja nyumba ya kizamani ya kambi, ambamo baba peke yake alikuwa mleta riziki, na hadi leo familia nyingi huishi kwa kazi ya mama. Jambo hili halina budi kuwekwa mbele ya kila anayezungumzia kuipiga marufuku biashara hiyo.

Majina ya nguo hizo yanafundisha. Nchini Kenya na Tanzania huitwa mitumba, kwa sababu hufika zimefungwa katika robota, ambalo leo mara nyingi lina uzito wa kilo 45 hivi, zaidi ya mzigo wa mpagazi wa Burton. Neno lilikuwa likisubiri. Tanzania zimewahi kuitwa pia kafa ulaya, kwa kudhaniwa kwamba mwenyewe amekufa huko Ulaya. Zambia husema salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kuchagua kwa kupekua rundo. Rwanda husema caguwa, ambalo ni neno letu chagua lililovuka mpaka na kubadili herufi. Hivyo lugha mbili za majirani zimekubaliana kwamba kiini cha biashara hii ni uchaguzi.

6. Uchaguzi juu ya mabaki

Lakini ni uchaguzi wa namna gani? Kulinganisha mitumba na duka la kiwanda hutoa mwanga. Maduka ya kwanza ya aina hiyo, mashariki ya Marekani, yalikuwa ya wafanyakazi: mfumaji au mshona viatu aliruhusiwa kununua kwa bei ndogo kilichoharibika mikononi mwake. Baadaye wenye viwanda wakafungulia watu wote. Mwaka 1970 kampuni ya VF ilifungua duka katika kiwanda chake cha soksi mjini Reading, Pennsylvania, na mji huo wa wafanyakazi ukawa mahali pa kuhijiwa na wanunuzi kwa mabasi. Kadiri ushonaji ulivyohamia Asia na Amerika ya Kati, kiwanda kilitoweka na duka likabaki na jina lake. Kiwanda cha Naumkeag kule Salem, kilichowavisha mababu wa Afrika ya Mashariki, kilifungwa mwaka 1953. Mwaka 1995 Bicester Village ilifunguliwa Uingereza, ambako hapakuwa na kiwanda chochote cha kuuzia mabaki.

Kisha yakatokea mageuzi ya mwisho. Kwa kuwa mabaki hayatoshi kujaza maduka mengi kiasi hicho, kampuni nyingi hushona nguo maalumu kwa ajili ya maduka hayo, za kitambaa hafifu zaidi, zikibandikwa bei ya zamani ambayo haijawahi kutozwa popote. Mwaka 2014 wabunge kadhaa wa Marekani waliiandikia tume ya biashara ya nchi yao wakitaka ichunguze udanganyifu huo. Wahenga walisema rahisi ghali. Mnunuzi wa tabaka la kati aaminiye kwamba amemshinda muuzaji, mara nyingi amenunua kile alichoandaliwa.

Ulinganifu na mitumba sasa u wazi. Nguo ikizalishwa kwa wingi na kwa bei ya chini, huvaliwa kwa muda mfupi, hutupwa au kutolewa sadaka, huchambuliwa katika maghala ya Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Falme za Kiarabu, hupangwa kwa madaraja, na hufungwa. Nguo bora hubaki huko huko au hupelekwa kwenye masoko yenye fedha. Mwenye kununua robota zima hulinunua likiwa limefungwa. Akilifungua hukuta faida au hasara. Mama wa sokoni hubeba hatari ambayo kampuni kubwa zimeikwepa. Na nguo isiyofaa kuvaliwa huishia katika majalala ya miji yetu, si ya kwao.

Hata hivyo lingekuwa kosa kuwaona wanunuzi kama wahanga tu. Vijana wa Sape, wa Brazzaville na Kinshasa, ambao Papa Wemba (1949-2016) alilipa jina lao umaarufu, waligeuza vazi la Ulaya kuwa sanaa na shindano. Na mtaani, fundi cherehani hupunguza kiuno, hubadili kola, hufanya suruali mbili kuwa moja. Ustadi wa wanunuzi waliomshangaza Burton haujafa. Kilichopotea ni ule mwitikio wa upande wa pili. Mwanamke wa Unyamwezi alipokataa kitambaa, habari zilifika Salem. Mwanamke wa Lubumbashi akikataa nguo ya mtumba, hakuna kiwanda kitakachosikia.

7. Marufuku na mipaka yake

Mwezi wa Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi mwaka 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ilitishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania zilirudi nyuma. Rwanda ilisimama imara, na mwezi wa Julai 2018 ikaondolewa nafuu hiyo kwa nguo zake. Wakati huo huo nguo zilivushwa kwa magendo kutoka Goma na Bukavu kuingia Rwanda, zikivaliwa tabaka juu ya tabaka mwilini au kufichwa katika mizigo.

Tukio hilo lina mafunzo mawili. La kwanza, nchi inayotaka kufunga mlango wa mabaki hukuta kwamba mwenye mabaki ana sauti juu ya mlango. La pili, mpaka mmoja hauwezi kufungwa iwapo jirani yu wazi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022, na kwa hiyo swali la Rwanda limekuwa swali la Kongo pia.

8. Hitimisho

Uchunguzi huu umepita katika madaraja matatu. Katika daraja la merikani, mnunuzi wa Afrika alikuwa na sauti, ijapokuwa biashara yenyewe ilichafuliwa na utumwa. Katika daraja la kantini, alivishwa na kulishwa na mwajiri, na heshima yake ikapimwa kwa mizani ya mkoloni. Katika daraja la mitumba amerudishiwa uhuru wa kuchagua, lakini ni uhuru unaoanzia mahali ambapo wengine wameishia. Duka la kiwanda la Ulaya na rundo la soko la Lubumbashi ni ngazi mbili za jengo moja. Aliye ngazi ya juu hudhani yeye ni mteja na wa chini ni mpokeaji, ilhali wote wawili hawakuulizwa nini kishonwe.

Marufuku peke yake itamnyang'anya mama wa sokoni riziki kabla ya kumpa mfumaji kazi. Kuacha mambo yalivyo ni kukubali kwamba nchi iliyolazimishwa kulima pamba kwa kiboko isilime wala isifume kwa hiari. Jibu lazima lianzie shambani, relini na katika umeme wa kiwanda, pale mnyororo ulipokatika, na kuwahusisha wale wanaojua zaidi kuliko yeyote kile ambacho watu hupenda kuvaa, yaani wauzaji wa mitumba wenyewe. Siku mfumaji wa Kalemie atakapotaka kujua mwanamke wa Lubumbashi amekataa kitambaa gani, na kwa nini, neno chagua litakuwa limepata tena maana yake kamili.